Herufi Mbili, Mlinganyo Mmoja

Katika kabati langu la vitabu, rafu ya chini kabisa, mahali panapokaa vitu ambavyo mke wangu amekwisha kunishauri mara nyingi nivichome moto, ipo bahasha ya kaki yenye fomu za tathmini ya mazoezi ya kufundisha za mwaka 1983. Kwa haki fomu zile zilipaswa kubaki chuoni. Nilizichukua siku nilipokabidhi ofisi, wala sikumwambia mtu. Moja kati ya hizo ina sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu: "Amewapa wanafunzi swali lisilo na jibu." Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: "Kadhalika, amefundisha kwa Kiswahili."

Insha hii ni ya historia ya hisabati kuliko historia yangu, lakini msomaji ataniwia radhi, maana sikuweza kuitenga historia hiyo na fomu ile.

Mwaka ule mafuta yalikuwa ya shida. Land Rover ya chuo ilikuwa imesimama kwa mawe chini ya mwembe, na sisi wakufunzi tulikwenda kukagua wanachuo wetu kwa baiskeli, au kwa miguu pale baiskeli iliposhindwa. Nilifika shule hiyo ya sekondari nikiwa na vumbi hadi magotini, na pengine hasira kidogo. Kijana niliyekwenda kumkagua alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili wa stashahada, mpole, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Andalio la somo lake lilikuwa safi. Somo lilikuwa milinganyo ya kipeo cha pili, kidato cha pili. Nikakaa kwenye dawati la nyuma, nikafungua fomu.

Akaandika ubaoni: x² + 2xy = 39. Akasema, "Tutafute x."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, y ni ngapi?"

"Y ni yoyote utakayopewa," kijana akajibu. "Wewe ichukulie kama namba unayoijua, ila thamani yake hujaambiwa bado."

Kisha akachora. Akachora mraba, akasema hili ni shamba, kila upande ni x. Akaongeza ukanda upande wa kulia, wenye upana wa y, na ukanda mwingine kama huo upande wa chini. Hapo akawa amekwisha kuiacha lugha ya Kiingereza, lugha ya kufundishia ya sekondari, naye anasema kama mtu anayewaonyesha wadogo zake shamba la nyumbani. Shamba na kanda zake mbili, jumla eneo ni 39. Lakini kwenye pembe ya chini kulia palikuwa na pengo, na mchoro haukuwa mraba kamili. "Pengo hili ukubwa wake ni nini?" Darasa zima likajibu: y mara y. "Basi tukiliziba?"

Hakupata nafasi ya kumaliza. Nilisimama kule nyuma, mbele ya watoto, nikasema kwa sauti ya kikufunzi kwamba herufi mbili zisizojulikana zinahitaji milinganyo miwili, na swali lile halina jibu. Kijana akanitazama, akachukua kifutio, akafuta shamba lake. Akaandika swali jingine, lenye herufi moja, akalimaliza kwa kanuni. Alama niliyompa ilimlazimu kurudia mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata.

Nilikuwa nimekosea nini? Si kila kitu. Mtu akikuuliza x na y ni namba zipi, mlinganyo mmoja hautoshi. X ikiwa 3 na y ikiwa 5, mlinganyo ule ni kweli, na x ikiwa 1 na y ikiwa 19, ni kweli vilevile, na ziko jozi nyingine zisizo na mwisho. Lakini yule kijana hakuuliza hivyo. Aliuliza x itakuwa nini kwa kadiri ya y. Hilo ni swali jingine kabisa na jibu lake lipo. Ukiziba pengo la pembeni kwa y², shamba zima linakuwa mraba wenye upande wa x + y, na eneo lake ni 39 + y². Basi x + y ni kipeuo cha pili cha 39 + y², na x ni kipeuo hicho ukitoa y. Ukikubali pia kipeuo hasi, unapata jibu la pili. Kwisha. Kazi ya mistari minne, nami nilimzuia asiimalize.

Kwa nini mtu aliyefundisha hisabati kwa miaka kadhaa hakuliona hilo? Jibu lake liko katika jinsi nilivyofundishwa mimi. Nilisoma kidato cha pili mwaka 1966, na mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili kama wimbo wa gwaride. Hasi b, jumlisha au toa, kipeuo cha b mraba kutoa nne-a-c, yote gawanya kwa mbili-a. Tuliimba tukienda kuchota maji. Sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kanuni hiyo ilitoka wapi, au zile a, b na c ni kitu gani. Kwetu a, b na c zilikuwa vishimo vya kutumbukizia namba. Herufi ya kweli ilikuwa x tu.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka 2012 binti yangu, anayejua ugonjwa wangu wa kusoma, aliniletea kurasa alizozichapisha kutoka kwenye kompyuta: kitabu cha aljebra cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Frederic Rosen na kutolewa London mwaka 1831. Nilikisoma barazani kwa muda wa wiki mbili. Ukurasa wa shamba ulipofika, niliweka karatasi chini nikaingia ndani kutafuta bahasha ya kaki.

Al-Khwarizmi aliishi Baghdad katika karne ya tisa, akafanya kazi katika Nyumba ya Hekima wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kati ya mwaka 813 na 833. Katika jina la kitabu chake yamo maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. Jabr ni kurudishia kilichopungua, neno lile lile Waarabu walilolitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Wahispania nao wakalirithi hata mwunga mifupa kwao akaitwa mtu wa aljebra. Kwenye mlinganyo, maana yake ni kukiondoa kile kinachotolewa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Muqabala ni kukabilisha, kufuta vilivyo sawa pande zote, na sisi Waswahili tunalo neno hilo hadi leo tunaposema nyumba yake iko mkabala na msikiti.

Ukisoma kitabu hicho ukiwa Mswahili unajikuta kama uko kwa jamaa. Kile tunachokiita x², yeye alikiita mal, yaani mali. X yenyewe aliiita mzizi, au kitu tu. Namba za kawaida alizihesabu kwa dirhamu. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za wosia na mirathi, mke apate thumni, mama apate sudusi, na deni lilipwe kwanza. Hesabu ambazo makadhi wetu wa pwani wamezifanya kizazi baada ya kizazi. Nilikulia jirani na Tanga, na nikiwa mtoto niliwahi kukaa pembeni wakati mirathi ya jirani ikigawanywa ukumbini, mzee mmoja akitaja sehemu moja moja bila karatasi. Sikujua kwamba nilikuwa nasikiliza tawi la elimu ile ile ambayo baadaye ingeniletea mshahara.

Katika kitabu kizima hakuna x wala alama ya usawa. Hata namba zimeandikwa kwa maneno. Mfano wake mashuhuri ni huu: mali pamoja na mizizi yake kumi ni dirhamu 39. Anasema, chukua nusu ya mizizi, nayo ni 5. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, upate 25. Ongeza kwenye 39, upate 64. Kipeuo chake ni 8. Toa ile nusu ya mizizi, 5, hubaki 3. Mzizi ni 3, na mali ni 9.

Ndugu msomaji, tazama tena swali la yule kijana. X² + 2xy = 39, na y ikiwa 5 ni mali na mizizi kumi ni sawa na 39. Lilikuwa swali la al-Khwarizmi lenyewe, ila lilivuliwa kumi yake na kuvishwa herufi. Na shamba nililolifuta limo pia kitabuni. Al-Khwarizmi anathibitisha njia yake kwa michoro miwili, na wa pili ni huo huo: mraba, kanda mbili zenye upana wa 5, na pengo la pembeni la 25. Vitabu vyetu vya shule vinaita kazi hii kukamilisha mraba, nami nililitamka neno hilo maelfu ya mara darasani bila kuona mraba wowote.

Kijana aliupata wapi mchoro ule? Sijui kama alisoma mahali au aliubuni. Maktaba ya chuo chetu haikuwa na kitabu hicho.

Wala al-Khwarizmi hakuwa wa kwanza. Liko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London bamba la udongo la Babiloni, lenye namba BM 13901, lililoandikwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Tatizo lake la kwanza linasema eneo la mraba likijumlishwa na upande wake ni robo tatu. Mwandishi anachukua 1, anaigawa nusu, anaizidisha yenyewe apate robo, anaiongeza kwenye robo tatu apate 1, kipeuo chake 1, anatoa nusu, upande ni nusu. Ni hatua zile zile, na kwa namna ya kuamrisha mwanafunzi: fanya hivi, kisha fanya hivi. Hata mwalimu wetu wa mwaka 1966 angejisikia nyumbani. Na huko India, mwaka 628, Brahmagupta alieleza kanuni yake kwa maneno, naye, tofauti na al-Khwarizmi, alikubali namba hasi, akazifananisha na deni.

Hilo la namba hasi si dogo. Kwa kuwa al-Khwarizmi hakuzikubali, ilimbidi aigawe milinganyo katika aina sita, kila aina na kanuni yake. Mali na mizizi sawa na namba, hiyo aina moja. Mali na namba sawa na mizizi, hiyo nyingine. Humo ndimo alimotoa mfano wa mali na 21 sawa na mizizi kumi, akaonyesha kwamba majibu ni mawili, 3 na 7. Mizizi na namba sawa na mali, aina nyingine tena. Leo tunaandika kanuni moja tu. Mtu anaweza kudhani wa kale hawakuwa na akili za kutosha kuona kwamba zote ni moja. La hasha. Kilichokosekana ni herufi.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo kosa langu lilipolala. Kwa maelfu ya miaka watu walikuwa na jina la kitu wasichokijua, kiwe mzizi, kitu, au upande. Lakini hawakuwa na jina la kitu wanachokijua bila kukitaja. Mwalimu wa Baghdad alipotaka kueleza kanuni kwa mizizi yoyote, ilimbidi achukue kumi, aimalize kwa kumi, kisha amwambie mwanafunzi afanye vivyo hivyo kwa nyingine. Ile kumi ilikuwa ikifanya kazi ya "yoyote", lakini imevaa nguo za kumi.

Aliyeivua nguo hizo ni mwanasheria wa Ufaransa, François Viète, aliyezaliwa mwaka 1540 na kufariki mwaka 1603. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuwatumikia wafalme, ikiwa ni pamoja na kufumbua barua za siri za Wahispania, na nadhani si ajabu kwamba mtu aliyezoea herufi zinazosimama badala ya vitu vingine ndiye aliyekuja na wazo lile. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1591 alitumia irabu kwa vitu visivyojulikana, na konsonanti kwa vile vinavyojulikana lakini visivyotajwa. Mwaka 1637 René Descartes akabadili mpango, akaziweka a, b, c za mwanzo wa alfabeti kwa vinavyojulikana, na x, y, z za mwisho kwa vinavyotafutwa. Mpango huo ndio tunaoutumia hadi sasa, na ndio ulionipofusha. Kwa kuwa y hukaa mwisho wa alfabeti, nilipoiona ubaoni nilidhani lazima ni ya kutafutwa. Laiti kijana angeandika x² + 2bx = 39, nadhani nisingesimama. Nilimpa mtu alama mbaya kwa sababu ya mahali herufi inapokaa katika alfabeti!

Wanafizikia hawana tatizo hili. Wao wamezoea kuuliza mlinganyo mmoja maswali mengi. Jiwe likirushwa kisimani kuelekea chini, umbali s ni ut jumlisha nusu ya gt², ambapo u ni kasi ya mwanzo, g ni mchapuko wa kuanguka na t ni muda. Ukitaka s, unazidisha na kujumlisha tu. Ukitaka u, ni kazi ya hatua mbili. Ukitaka t, sasa umeingia kwenye kipeo cha pili, na u, g na s, ingawa ni herufi, lazima uzitendee kama namba ulizokwisha kupewa: t ni kipeuo cha u² + 2gs, utoe u, ugawanye kwa g. Kisima cha mita 10, jiwe limerushwa kwa mita 5 kwa sekunde, na g tuiite 10: kipeuo cha 225 ni 15, toa 5, gawanya kwa 10, sekunde 1. Kipeuo hasi kitakupa hasi 2, sekunde mbili kabla hujalirusha, nawe unakiacha kwa sababu unajua habari ya kisima. Herufi hizo hazina tofauti yoyote kwa sura. Tofauti ni nani anauliza, na anauliza nini.

Kuhusu kosa la pili, lile la Kiswahili, sina la kujitetea zaidi ya kusema kwamba nilifuata maagizo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, nasi vyuoni tulilijadili jambo hilo kwa matumaini hadi serikali ilipolikataa mwaka 1984. Kwa hiyo siku ile nilipoandika sentensi yangu ndogo, mimi mwenyewe nilikuwa upande wa pendekezo lile. Niliandika tu kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika. Na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu darasa zima likijibu "y mara y" kwa pamoja, jambo ambalo katika ukaguzi wa wiki ile yote sikulisikia darasani kwingine.

Baada ya kusoma kurasa zile mwaka 2012 niliulizia habari za yule kijana. Nilisikia alifaulu mazoezi alipoyarudia, akapangiwa kazi mkoa wa mbali. Nilianza barua mara mbili. Barua ya mkufunzi kwa mwanachuo wake wa zamani ni ngumu kuandika ikiwa haina ushauri ndani yake.

Tulikutana mwaka 2022, msibani kwa mkufunzi mwenzangu wa zamani. Alikuwa na mvi kuliko mimi. Aliponiona aliinuka kwenye jamvi, akanipa mikono yote miwili, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba nikihisi uzito wake. Tulipomaliza kula tulikaa pembeni, nikamweleza. Nilimweleza Baghdad, na mizizi kumi, na mchoro wa pili. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa na jibu, na kwamba mimi ndiye niliyekosa.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema kwamba jibu alikuwa akilijua tangu siku ile, maana alikuwa ameliandika kwenye andalio la somo, ukurasa wa nyuma. Sikuugeuza. Kilichomsumbua, alisema, si alama. Ni kwamba alirudi darasani kesho yake, na yule msichana wa mstari wa mbele hakuuliza tena swali hadi mazoezi yalipokwisha.

Nikamwuliza kama aliwahi kuwachorea wanafunzi wake shamba lile katika miaka yake ya kazi. Alifundisha zaidi ya miaka thelathini na mitano, akastaafu mwaka 2021. Akatikisa kichwa. Aliwafundisha kanuni, alisema, kama ilivyo kitabuni, na wengi walifaulu mtihani.

Niliporudi nyumbani niliifungua bahasha nikatafuta andalio. Limebanwa nyuma ya fomu kwa pini iliyoshika kutu. Kwenye ukurasa wa pili, kwa mwandiko ule mzuri, upo mraba na kanda zake mbili na pengo, na mstari wa mwisho umepigiwa mstari mara mbili kwa rula: x sawa na hasi y, jumlisha au toa, kipeuo cha y² + 39. Kando yake amejikumbusha kwa penseli: wape y = 5 wajaribu wenyewe.